Mashini Isiyopaswa Kuwaka

Mimi si mtu wa hadithi. Shule nilisoma kidogo kwa mapadri, nikaacha, na kazi nikajifundisha mwenyewe kwa kuungua vidole. Nyumba yangu ya pili hapa Kapata imejengwa na redio za watu, tofali kwa tofali. Sijawahi kumwomba mtu. Kwa hiyo nikikuambia kwamba hili nililiona, nililiona. Ukitaka kucheka, cheka sasa, umalize, kisha unisikilize.

Ilikuwa Zaire bado, karibu na mwisho wake. Kampuni ya shaba ilikuwa imeanza kuyumba, lakini watu wa biro, wa ofisini, walikuwa bado wanavaa suti za abakosti zilizopigwa pasi. Mi nilikuwa na meza yangu chini ya paa la mabati mbele ya nyumba, na kila kitu chenye waya kilipita hapo: redio, pasi, televisheni.

Siku moja akaja kijana mkubwa anaitwa Kabeya, wa familia ya Kasai, amekumbatia mfuko kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akautua mezani. Ndani mlikuwa na ordinatere, kompyuta, ile ndogo ya kubeba, inayofunguka kama kitabu. Wakati ule nani alikuwa nayo Kolwezi? Mi nilikuwa nimeona moja tu, kwa mzungu, na kwa mbali.

"Tata, hii mashini iko ya yaya yangu, kaka mukubwa, Tata Mukendi wa biro," akasema. "Aliileta kutoka Bulaya. Sasa inakataa kuamuka."

"Yaya yako iko wapi?"

"Alisafiri."

Nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Nikafikiri ni joto. Uniamini, ningemwangalia vizuri siku ile, leo ningekuwa mzee anayelala usingizi.

Nikaiwasha. Taa ikawaka, sauti moja, *ti*, kisha kioo cheusi na herufi nyeupe, mstari mmoja, basi. Haiendi mbele. Nikatafuta kwanza kama kuna disketi iliyosahauliwa katika mdomo wake. Hakuna. Nikapima umeme: mzuri. Nikaweka ncha ya turnevisi, bisibisi yangu, juu ya disiki ya ndani, na mpini wake sikioni, kama daktari. Disiki ilikuwa inazunguka. Ilikuwa hai! Sasa kwa nini mashini haiioni?

"Soma hapo, wewe uliyeenda shule. Inasema nini?"

Kabeya akasoma polepole. "Inasema haijui disiki yake."

Hapo nikaelewa. Nikafungua skrubu zote, nikakuta ndani kabisa betri ndogo kama kifungo cha shati, imekufa. Betri hiyo ndiyo inayoishikia mashini kumbukumbu yake wakati imelala. Ikifa, mashini inasahau ina nini tumboni. Nikaunga betri nyingine kwa waya. Vizuri. Lakini kusahau kulikuwa kumeshatokea, na sasa mashini ilitaka mtu aiambie namba ya disiki yake. Kabeya akajaribu hii na ile. Kioo cheusi kila mara.

Nikakasirika. Mi sipendi kushindwa, na nilikuwa nimeshajisifu kwa majirani wote kwamba kesho watakuja kuangalia ordinatere inawaka juu ya meza yangu. Nikapiga meza.

"Sitaigusa tena! Mwenyewe akuje. Popote alipo, mwambie akuje hapa aitengeneze na mi. Yeye njo anajua."

Kabeya akawa rangi ya majivu. "Tata, usiseme vile."

"Nimesema! Mukendi akuje!"

Akaondoka bila kuaga, karibu anakimbia. Mashini akaiacha wazi mezani.

Kesho yake mchana mvua ikaanguka, ile ya kwetu inayopiga bati mpaka hausikii mawazo yako. Umeme ukaondoka Kapata yote. Nikakaa bila kazi, nikiangalia maji mekundu yakishuka barabarani. Nilipogeuka, mtu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza.

Alivaa abakosti mpya, mistari ya kukunjwa dukani bado inaonekana kifuani. Hakuwa na viatu. Soksi nyeupe, na zilikuwa kavu. Ukiniambia kuna mtu anaweza kupita njia za Kapata wakati wa mvua na soksi nyeupe, nitakuita mwongo. Na katika tundu moja la pua yake kulikuwa na pamba.

Nilitaka kusimama. Miguu ikakataa.

"Uliniita," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu wa biro, ya adabu. "Nimekuja."

"Ni wewe njo… Tata Mukendi?"

Alivuta mashini kwake, akabonyeza. Hakukuwa na umeme! Betri yake kubwa nilikuwa nimeitoa tangu jana, ilikuwa chini ya kiti changu, niliigusa kwa kisigino. Mashini ikawaka. Akaandika namba, vidole vinakwenda haraka, bila kuangalia. Disiki ikaanza kuimba. Herufi zikashuka kama mvua, kioo kikajaa, na mwanga wake ukapiga uso wa yule mtu kutoka chini, nami nikaona kwamba macho yake yalikuwa yamefungwa. Tangu alipoingia yalikuwa yamefungwa.

"Ulifanya muzuri," akasema. "Ile betri, mi sikuiwaza. Uko na mikono."

"Aksanti, Tata," nikajibu. Ungejibu nini wewe?

"Kule kwetu mashini mingi, zote zimelala. Hatuna fundi. Tuende."

Na miguu yangu, ile iliyokataa kusimama, ikasimama. Yenyewe! Mi sikuiambia. Ikapiga hatua. Nilishika ukingo wa meza, vidole vikateleza. Nikajua kabisa kwamba nikitoka chini ya lile paa, nimekwenda, na watu watakuta mwili tu umekaa juu ya kiti.

Ni kazi iliyoniokoa, si sala, padri anisamehe. Maisha yangu yote sijawahi kutoka mezani na kuacha mashini tumbo wazi. Mkono wangu ukajua hilo kabla ya kichwa. Ukaingia ndani ya mashini, ukakamata waya bapa wa disiki, ukauvuta. Kioo kikazima.

"Haijaisha, Tata," nikasema, na meno yanagongana. "Angalia, iko wazi. Wewe ulikuwa mutu wa kazi. Utamuchukua fundi katikati ya kazi?"

Mvua ilipiga. Akainamisha kichwa, kama mkubwa wa biro anayefikiria ruhusa.

"Hapana," akasema. "Maliza kwanza. Ikiisha, tutaenda."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, mke wangu, Mama Bea, alikuwa anaingia na kanga iliyolowa kichwani.

"Unasema na nani?"

"Na Mukendi wa biro."

Akaangusha sahani aliyobeba. "Mukendi gani? Balimuzika siku ya posho, Jumamosi hii! Kilio yake haijaisha, mi nimetoka kule sasa hivi kusongea batu bukari! Nilikuambia! Lakini wewe na mashini zako, ata nyumba ikiungua utauliza tu nani amezima umeme."

Ndipo nikajua Kabeya alifanya nini. Kwetu vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka kilio kiishe na familia ikae pamoja kuvigawa. Yeye aliiba mapema ili auze. Nikamtafuta jioni ile. Alikuwa ameshapanda treni ya Tenke, na Kapata hakurudi tena. Nikaipeleka mashini kwa mjane. Hakufungua hata mlango. "Ibaki kwako, Tata," akasema kutoka ndani. "Wewe njo ulimuita."

Utaniuliza kwa nini sikuivunja. Sikiliza: kwangu kazi inaisha kwa njia mbili, mashini inawaka, au mi natangaza kwamba imekufa. Nikiivunja, nimemaliza. Kuizika? Kolwezi hii, ambako vijana wanachimba shaba mpaka chini ya vitanda vya watu? Wangeifukua. Kwa hiyo iko mezani mpaka leo, tumbo wazi. Kila asubuhi nafungua skrubu moja, naifunga tena. Watu wanacheka: mzee ameshindwa na mashini moja. Mi nacheka nao. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko hofu.

Mwaka uliopita binti yangu, anayetengeneza simu mjini, aliona huruma. Nilipokuwa nimelala mchana akarudisha waya wa disiki. Niliamka kwa harufu ya poda, ile ya kupaka maiti. Nilikimbia na magoti haya, nikaung'oa na kuchana vidole. Binti alikuwa analia. Alisema mtu fulani alimsimamia mgongoni akimfundisha namba.

Na mvua kubwa ikianguka mchana, umeme ukiondoka, nasikia sauti ile ya adabu ng'ambo ya meza: "Imeisha?"

Mi najibu: "Bado, Tata."

Wewe unayetengeneza vitu vya watu, kabla ya kusema mwenyewe aje, uliza kwanza kama anapumua. Na ukipita kwangu, leta redio, leta simu, nitakutengenezea. Ila usiguse ile. Mi ni mzee, na siku nitakayoshindwa kujibu haiko mbali. Binti yangu nimeshamfundisha neno la kusema. Ameshajua pia kwamba yeye naye ana mikono.