Siku Nilipowahonga Mabata

Niseme ukweli mapema, kabla dada yangu mkubwa hajausema kwa furaha yake: nilipokuwa na miaka sita, niliwahonga mabata. Si bata mmoja. Ukoo mzima, baba, mama, watoto, na nadhani hata wajomba.

Nilikumbuka hayo wiki iliyopita. Tulishuka kutoka mtaani kwetu Kilibula mpaka ziwani, mimi na mama, nikatafuta ule mchanga tuliokuwa tunaanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Hakuna mchanga. Ziwa limepanda likaumeza, na pale nilipokuwa ninakaa kama mkuu wa kituo, siku hizi ndagala wazima ndio wanapita, bila hata kunisalimia.

Rafiki yangu, nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa mdogo mno kwa kazi. Ukiweza kusimama, unabeba mwiko. Ukiweza kutulia kidogo, unatoa mawe kwenye mchele. Dada zangu waliteka maji kwa bidoni za manjano, mimi nyuma yao na kachupa ka mafuta, nusu yake ninaimwaga juu ya tumbo langu. Lakini mama alikapokea kale kachupa kwa mikono miwili, akamimina kwenye sufuria, akasema, “Aksanti baba, sasa bugali itaiva.” Niliamini kabisa kwamba bila mimi nyumba nzima ingelala njaa. Wakati wa kula nilikata tonge nikiwatazama wote kama muntu aliyewalisha. Na ukijaribu kukwepa kazi, mama alikuwa na neno lake: “Anayejua njia ya sahani, ajue na njia ya maji.”

Mwaka ule nikapandishwa cheo: kulinda ndagala. Wavuvi wakifika asubuhi, mama ananunua basani moja, beseni tele, anawaosha ndagala, anawatandaza juu ya mchanga wa moto, kisha ananipa fimbo. Hawa hawakuwa ndagala wa mchezo. Walikuwa wa bibi, mama wa mama, aliyelima mpunga kule Bwegera. Kila mavuno tulimpelekea ndagala wakavu, naye akatujazia mfuko wa mchele. Mama hakuwahi kufika kwa mama yake mikono mitupu.

Siku hiyo akaniacha, akapanda nyumbani kutwanga sombe, majani ya muhogo. Hapo hapo mabata wa mama jirani wakatokea. Nikawafukuza. Wakarudi. Nikawafukuza tena, wakazungukia upande wa maji kama wezi wazoefu. Jua kali, nyayo zinaungua. Ndipo akili yangu ikanishauri: wape kidogo, washibe, waende zao. Nikawawekea fungu pembeni, kwa heshima zote. Wakala. Wakaenda. Nikakaa chini nikijisifu.

Kumbe walikwenda kuita wenzao.

Mama aliporudi na dada yangu mkubwa, nusu ya mchanga ilikuwa tupu, na bata mmoja amelala katikati, ameshindwa kutembea kwa shibe.

“Baba, ni nini hii?”

“Mama, niliwapatia kidogo, ili waache ingine.”

Mama jirani akafika. Badala ya kuomba radhi kwa ajili ya mabata wake, akatikisa kichwa. “Weye nawe, ndugu yangu! Kazi kama hii unapatia mutoto wa miaka sita? Huyu akili yake iko bado mu tumbo.”

“Minye nilisema,” dada yangu akadakia. “Arudi kuchezea mwiko. Ndagala nitawalinda minye.”

Hapo ndipo niliogopa kweli. Si kuchapwa. Niliogopa kurudishwa kwenye mkeka pamoja na watoto wanaonyonya, niwe muntu ambaye bugali inaiva bila yeye. Mama akachuchumaa, akaanza kuokota waliobaki, mmoja mmoja, akasogea kidogo nipate nafasi kando yake. Nikaokota.

Mwaka ule bibi alipata kimfuko cha ndagala cha kutia aibu. Mama ndiye aliyekibeba, na hakunitaja. Mabata wale walishapikwa zamani. Paja moja nililila mimi, bila huruma. Siku hizi katika paseli yetu, ndani ya ua wetu, watoto wanapewa simu wakae kimya, wakubwa wamalize kazi haraka. Na kweli zinaisha haraka. Mimi ninacheka kila kitu, muulize mwalimu yeyote aliyenitoa nje ya kalasi, lakini hili silicheki: mama angemaliza kazi zake mapema zaidi bila sisi, na kila siku alichagua kuchelewa.

Tulipomaliza kuokota, jirani alikuwa bado amesimama pale, na dada yangu ameshanyoosha mkono kuchukua fimbo. Mama akaiokota yeye, akanirudishia mimi, akasema:

“Kesho uje hapa mbele ya jua kupanda. Dada yako anajua kufukuza mabata tu. Weye ndiye unajua vile wanawaza.”