Asetoni kwenye Meza ya Mama Mkwe

Mimi ndiye niliyeiharibu ile meza. Zuhura hakuigusa! Miaka yote hii nalisema hilo peke yangu, nikiwa jikoni, nikiwa sokoni, na leo nalitoa maana limenichosha.

Tulikaa Kariakoo, nyumbani kwa baba mkwe wangu, mstaafu wa bandarini: mimi, mume wangu na wifi yangu Zuhura. Ndiyo kwanza mambo ya ruksa yameanza, kila mtu auze atakacho, vitu vya Dubai vimejaa mitaani, na Zuhura alikuwa na kimeza chake cha vipodozi Mtaa wa Kongo. Kucha zake nyekundu siku zote. Mzee hakutaka kuziona! "Maji ya udhu yanapita wapi hapo?" Alishamwambia, nikikuta tone la hayo marangi yako ndani ya nyumba yangu, unarudi Rufiji kwa baba yako mdogo.

Mimi nilikuwa mkamwana mwema, naswali. Rangi nilipaka kwa kujiiba, zile siku nisizoswali tu.

Asubuhi hiyo Zuhura aliniletea pamba kutoka dukani kabla ya kwenda kazini. Akanicheka, "Haya wifi, upo likizo!" Akaniachia na kichupa cha rangi, na asetoni ya kuifutia.

Mzee katoka, mume wangu yuko kazini. Nikajiachia sebuleni, kwenye meza ya mninga ya marehemu mama mkwe, ambayo mzee aliifuta kwa mkono wake kila Ijumaa. Kiwiko kikagusa tu, kichupa chali! Badala ya kufuta palepale, nikakimbilia mlangoni kuchungulia kama mzee anarudi. Nageuka, imekauka.

Jamani, nilichanganyikiwa! Nikasugua na mafuta ya taa, wapi! Nikakwangua na wembe. Mwisho nikajiambia, kinachotoa kwenye kucha kitashindwaje na meza? Nikamwaga asetoni. Rangi ikatoka, na vanishi ikatoka nayo! Likabaki doa jeupe, pana kama kisahani.

Nikafuta kucha zangu harakaharaka. Adhuhuri imeshaadhiniwa, mara nasikia ndala za mzee barazani. Hapo nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia naacha kazi niliyoshika. Nikatandika mswala! Katika hali ile! Nikajitanda, nikasimama naswali uongo.

Mzee akaingia, harufu ikamgonga. Akaiona meza. Akashika kile kichupa, na Zuhura naye ndiyo anaingia kuja kula.

"Zuhura! Meza ya mama yako!"

"Baba, mimi nimetoka hapa asubuhi..."

"Kwa hiyo huyu anayeswali ndiye kapaka rangi?"

Zuhura akautazama mswala, kisha akanitazama mimi. Alijua! Pamba si aliileta yeye? Neno moja lingemwokoa. Lakini mambo yale ya kike angeyasemaje mbele ya baba yake, tena mkwe wangu mimi? Akainama.

"Nisamehe, baba."

Na mimi je? Nikatoa salamu, kulia na kushoto, kama mtu wa maana.

Kesho yake alikuwa anafunga mzigo. Nikamfuata chumbani, nazunguka tu, nashika hiki, naacha kile. Akasema bila kunitazama, "Wifi, hiyo pamba ikiisha utamtuma nani?"

Alipanda basi la Rufiji, kimeza chake kikachukuliwa na mwingine. Hakurudi tena mjini. Mzee amefariki akiamini ni yeye. Mume wangu naye anaamini hivyo, na gazeti hili huwa analisoma. Asome tu!

Meza yenyewe fundi wa pale mtaani Gerezani aliipiga msasa na vanishi, ikarudi mpya kwa siku moja tu! Ndicho kinachoniuma kupita vyote.

Dada zangu, rangi ikikumwagikieni mezani, msiiendee na asetoni. Na mkiharibu, semeni hapohapo, kabla mtu mwenye haya kuwazidi hajainama kwa ajili yenu. Mimi nikitandika mswala sasa, namwona Zuhura pale mlangoni, na rakaa zinanipotea.