Beji ya Wilson

Kwenye hoteli moja ya Diani, Wazungu waligombania meza alizohudumia Wilson. Si kwa chakula, jamani, kwa maneno yake. Mgeni akishaisoma tu beji kifuani pake, yeye huanza: kuna Wilson aliyekuwa rais wa Marekani, kuna Wilson waziri mkuu wa Uingereza, na kule Nairobi hata ndege hutua uwanja wa Wilson. "Na mimi ndiye Wilson wa supu!" Wageni hoi kwa kicheko.

Uongo mtupu. Huyu jina lake ni Hesbon. Wilson ni binamu yake kule Vihiga, aliyesomea kazi za hoteli, kisha akaokoka na kusema hawezi kubeba pombe za watu. Cheti akampa Hesbon. Kubeba pombe dhambi, kugawa cheti baraka! Wokovu huo mimi umenishinda. Hesbon akaja nacho pwani, akaajiriwa, akawa Wilson miaka tisa. Mwaka tisini na tatu mama yake Wilson alipofariki, habari zilifika hotelini. Meneja, Bwana Austine, akampa ruhusa ya wiki nzima, na wenzake wakamlilia. Angefanyaje? Alikwenda, akamzika mama wa mwenziwe.

Sasa ni tisini na nane. Tangu zile vurugu za Likoni za mwaka jana wageni ni haba, nusu ya wafanyakazi wameachishwa, na Bwana Austine anatafuta kisingizio tu cha kumtoa mtu. Jumatano, wakila chakula cha mchana, Judy wa mapokezi akasema, "Kuna dada ananisumbua kwa simu. Anamtaka Hesbon. Ati mama yao amefariki, anazikwa Jumamosi. Nimemwambia hapa hatuna Hesbon."

Dada yake Hesbon hakulijua jina la hotelini. Hesbon akausukuma ugali kwa maji, akasema, "Maskini." Chooni ndiko alikolia, amejiziba mdomo kwa kitambaa cha meza. Aombe ruhusa ya nini? Kwenye faili mama yake alikwisha kuzikwa. Aseme kweli? Kazi imekwenda, pengine na polisi juu, na Veronicah mkewe yuko Ukunda na watoto watatu. Akikaa kimya, mama atafukiwa bila mwanawe wa pekee wa kiume. Moyo ulimuuma, wallahi, hakulala.

Alhamisi, wakati wa kifungua kinywa, bibi mmoja Mwingereza aliisoma beji, akapiga makofi. "Hata mimi ni Bi Wilson! Sisi ni ndugu!"

Hesbon akaanza: rais wa Marekani, waziri mkuu...

Bibi akamtazama kwa upole. "Na wewe, mama yako ndiye aliyekupa jina hili zuri?"

Hesbon akaliweka birika la chai mezani. "Mama amefariki," akasema. "Anazikwa keshokutwa."

Bwana Austine alikuwa meza ya pili, akageuka. "Wilson, una wazimu? Mama yako alifariki zamani. Ruhusa nilikupa mimi mwenyewe!"

"Yule alikuwa mama yake Wilson," akasema Hesbon, akianza kuifungua beji.