Siku ya Tatu ya Dereva Nyundo

Kama umewahi kupita asubuhi karibu na uwanja wa malori ukasikia chuma kikigongwa, ngo, ngo, ngo, taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, basi huenda ulimsikia Nyundo. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye leseni. Kazini, dukani, hata kwa wakwe zake, yeye ni Nyundo, kwa sababu ya kinyundo cha mpini mfupi kinachokaa chini ya kiti chake. Kabla ya kila safari hulizunguka lori na tela lake akigonga matairi na nati, moja baada ya nyingine. Tairi lenye upepo wa kutosha hukirudisha kinyundo; lililopungukiwa hukimeza. Nati iliyokaza hulia kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti ya chungu chenye ufa. Miaka ishirini na miwili barabarani, na hajawahi kuvutwa na gari jingine hata siku moja. Ukimuuliza atakwambia. Usipomuuliza, atakwambia vilevile.

Mtu wa namna hiyo lazima atafutwe. Kampuni moja kubwa, yenye malori ya rangi ya machungwa, ilimtumia salamu: njoo kwetu, tukuongeze theluthi nzima juu ya mshahara wako.

Alirudi nyumbani na habari hiyo moto mdomoni. Mlangoni alipokewa na kitinda mimba wake, binti wa miaka minne, aliyemtazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akapaza sauti:

"Mama! Yule mgeni wetu amekuja!"

Akamvutia kiti cha wageni, kile chenye mto.

Mkewe, fundi wa kushona, alicheka mpaka cherehani ikasimama. "Mtoto hajakosea, baba watoto. Siku ya kwanza unalala. Ya pili unafunga begi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe langu umelishika lini?"

Nyundo naye alicheka kidogo. Akaona bora ataje theluthi.

"Na nyumbani utakaa siku ngapi?" mke akauliza.

"Sijauliza."

"Na gari?"

"Linang'aa!"

"Hata sufuria iliyotoboka hung'aa ikisuguliwa. Nenda ukaulize, mume wangu. Na kinyundo chako usikiache."

Kesho yake alikwenda. Meneja, kijana mwenye tai na feni yake binafsi, alikuwa ameshauweka mkataba mezani na kalamu juu yake.

"Mzee wangu, weka sahihi hapo, kesho uko barabarani."

"Nyumbani nitakaa siku ngapi?"

"Siku moja kwa mwezi, kazi zikiruhusu. Lakini theluthi, mzee! Theluthi!"

"Na gari langu ni lipi?"

Meneja alinyoosha kidole dirishani. Lori lilikuwa limesimama juani, limependeza kama bibi harusi. Nyundo, kalamu mkononi, akaomba akalisalimie kwanza. Alianza mbele, ngo, ngo, mambo mazuri. Alipofika gurudumu la nyuma, nati ya tatu ikamjibu kwa sauti ya chungu chenye ufa. Ya nne vivyo hivyo. Akakwaruza kwa ukucha. Chini ya rangi ya jana kulikuwa na kutu ya siku nyingi.

"Mzee," meneja alisema nyuma yake, "hapa tunaajiri dereva. Fundi tunaye."

"Mwanangu, fundi wako akikosea, yeye analala kwake. Anayelala mtaroni ni mimi." Nyundo akakichomeka kinyundo kiunoni na kumrudishia kalamu yake. "Hizo nati mbili zikazwe kabla gari halijatoka. Kwa ushauri huo sikutozi."

Akatoka pale amenyoosha mgongo, akaenda moja kwa moja kwa mwajiri wake. Huyo ni mama mjane aliyerithi malori matatu akayafikisha tisa, na madereva humwita Shangazi kwa namna anavyojua kukemea. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Nasikia unaposwa," alisema bila kuinua macho.

"Nimeposwa, Shangazi. Mahari nono, ila bwana harusi ana kutu."

Shangazi alijizuia kucheka, akashindwa. "Haya, sema. Unataka nikuongeze kiasi gani? Ila usinifilisi."

Njiani Nyundo alikuwa amekariri kiasi. Lakini kupitia mlango uliokuwa wazi aliliona lori lake, limepauka kama shati la kazi, na kila nati yake inalia kengele, kwa kuwa mama huyu hakuwahi kubishana naye kuhusu tairi.

"Nipe siku ya tatu," alisema.

"Ya tatu ya nini?"

"Kila nikirudi safari, nikae nyumbani siku tatu badala ya mbili."

"Mteja wa saruji atanitafuna mbichi!"

"Mteja wa saruji hajapata kucheleweshewa mzigo niliobeba mimi. Miaka kumi na moja, Shangazi."

Shangazi alivuta daftari la safari, akafuta tarehe moja. "Chukua siku yako," alisema mwishowe. "Na nyongeza kidogo nitakupa, wale wa machungwa wasije wakanicheka. Theluthi usiiote!"

Safari iliyofuata Nyundo alirudi, akalala siku ya kwanza, siku ya pili hakufunga begi. Asubuhi ya tatu alikuta jembe limeegemezwa mlangoni. Akaligonga kwa kinyundo, akasikiliza, akatikisa kichwa: mpini umelegea. Akaukaza kwa kipande cha mti, akagonga tena mpaka sauti ikamridhisha, ndipo akaingia kwenye kibustani cha mboga nyuma ya nyumba. Mkewe alimtazama kutoka dirishani, sindano mdomoni, amejaa fahari kama aliyemfundisha kazi.

Kitinda mimba alikuja akikokota kile kiti chenye mto. Akakiweka kivulini, akakikalia mwenyewe, akaning'iniza miguu.

"Baba," alisema, "pale umeruka."

Nyundo, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumsahihisha kazi, alirudi nyuma hatua mbili, akalima pale.