Ekseli ya Nyuma na Njia ya Jego

Mvua ya siku ile ya Jego haijanikauka mwilini, mwanangu, na leo uliponionyesha tairi unazotaka kulifungia gari lako, niliisikia tena ikinidondokea shingoni. Ulicheka uliponiona nainama kuchungulia uvunguni, na magoti yangu haya, badala ya kuzisifu tairi. Kaa kidogo nikueleze nilichokuwa nakitafuta.

Nilikuwa na umri wako. Nimemaliza kidato cha nne, nimepata kazi ya ulinzi katika hoteli moja ya Diani, na akili yangu yote iko kwenye gari kuukuu nililolinunua likiwa limelala maguguni. Nilitaka lipite mchanga, matope na mawe ya huku kwetu bila kumwomba mtu msaada. Fundi wa Ukunda aliniambia ekseli ya nyuma ya gari lile, chuma kinachozungusha magurudumu, ilikuwa nyembamba, akanionyesha nyingine nzito, iliyotolewa kwenye pikapu iliyokufa. Ilikuwa na kutu, imeganda mafuta machafu, haina sura. Uwezo wangu ulitosha ekseli ile au tairi kubwa, si vyote viwili. Nikachukua tairi. Ekseli nani angeiona?

Aliyeiona ni Mjomba Bakari, kaka yake mama yangu, aliyenilea na kunisomesha kwa nazi zake. Nilimpelekea gari nyumbani kwake Msambweni ili alisifu. Alilizunguka polepole, mikono mgongoni, kisha akasema, "Umelivalisha viatu vya baba, miguu bado ya mtoto."

Mwanawe Hamisi, niliyelala naye mkeka mmoja tangu utotoni, alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nikanuna. Mjomba akanishika bega, akaniambia nisikasirike, kwani siku yake ikifika, gari hilo ndilo litakalompeleka Jego akalale karibu na wazee wake. Nikamjibu kwamba, inshallah, nitamwendesha kama bwana harusi.

Siku hiyo ilifika upesi kuliko tulivyodhani. Alifariki alfajiri, masika yakiwa yameshika. Tulimwosha, tukamkafini, tukamswalia palepale Msambweni, kisha jeneza tukaliweka nyuma ya gari langu. Jego kaburi lilikuwa limeshachimbwa na watu wanangoja. Kwenye lami hatukuwa na taabu. Tulipoiacha na kuingia njia ya udongo, tukakuta bonde limejaa tope, nami nikakanyaga mafuta. Tairi zile pana ziliuma ardhi barabara. Kwa vile hazikukubali kuteleza, nguvu yote ya injini ikaishia kwenye ekseli. Tulisikia mlio mmoja mkavu. Gurudumu la kushoto likachomoka pamoja na kipande cha chuma chake, na gari likakaa kitako.

Hakuna aliyenilaumu. Wanaume walivua viatu, wakakunja kanzu, wakalitoa jeneza na kulipandisha mabegani, wakawa wanapokezana kama ilivyo ada yetu. Mimi nilisimama kando ya gurudumu langu. Nilihofu tairi itaibwa; na zaidi ya hapo, mwanangu, niliona haya kufika kwa miguu mbele ya watu niliokuwa nikiwatambia gari.

Hamisi aligeuka. "Twende."

"Tangulieni," nikasema. "Nalifunga hili, nawafuata."

Alinitazama, maji ya mvua yakimtiririka usoni, akaniambia bila kupaza sauti, "Mzee hayumo garini tena."

Akaenda kuweka bega lake. Mimi nikabaki nikihangaika na chuma kilichokatika, ambacho hakuna fundi ambaye angekiunga pale topeni. Nilipokata tamaa na kufika makaburini, dua ilikuwa imekwisha somwa na watu wanasuuza mikono. Sikumbeba Mjomba hata hatua moja, wala sikumtilia udongo wa kiganja kimoja. Hamisi alinipa ndoo nimwagie kaburi maji, maana ndiyo kazi iliyokuwa imebaki. Hajanitajia siku ile mpaka leo, na mara nyingine natamani angenitajia. Tairi niliikuta palepale nilipoiacha.

Basi, mwanangu, anza na ekseli. Tairi ulizo nazo zitakuvumilia kwa sasa. Usione haya kuchukua iliyotumika, ila ipime upana ilingane na gari lako, umwombe fundi aifungue uyaone meno na beringi kwa macho yako, na uhakikishe mzunguko wake unakwenda sawa na ule wa ekseli ya mbele, la sivyo zitavutana mpaka moja ivunjike. Breki zake nazo zitazame. Unasema utabeba wageni wa Diani, lakini najua utabeba na mama yako, na majirani, na siku moja utabeba mtu asiyeweza kungoja. Na chuma kikikuvunjikia, kwa kuwa hata kizuri huvunjika, kiache njiani ufuatane na watu.

Mola aibariki mikono yako, akufikishe salama wewe na wote utakaowapakia. Na siku itakapobidi kubeba kwa bega, akujaalie uwepo.