Shati la Upande wa Bibi Harusi

Kuna watu Kakuma ambao hadi leo wakiniona huniuliza kama mama hajambo, na mama wanayemuulizia si wangu. Aibu yenyewe nimeizoea, naweza kuisimulia bila kuangalia chini.

Ilianza na mpango. Niliamua kwamba mwaka mzima sitanunua nguo, nitajishonea mwenyewe nyumbani Nawoitorong, hapa Lodwar, kwa cherehani niliyoachiwa na jirani aliyehamishwa kikazi (kwa nini mwanamume aliyesoma chuo kikuu asishone, hakuna aliyewahi kunijibu vizuri). Zingekuwa nguo chache zinazobadilishana, mwezi huu shati, mwezi ujao suruali, halafu kaptura na kofia, kila kitu kikioana na kila kitu, na ili vioane nikaona heri ninunue kitambaa kimoja kwa wingi. Duka moja la Kakuma lilikuwa na kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, bei ya kutupa, na mwenye duka akasema kinatoka sana wiki hizi. Mimi ninayehoji hata maombi kabla ya chai sikuuliza kinakwenda kwa nani.

Shati nililimalizia asubuhi ya kupeleka mahari ya Bahati, Mkongomani niliyesoma naye. Baba yake alinichagua niwe msemaji wao kwa sababu mimi ni Mturkana, najua mbuzi, na nabishana. Wakwe walitaka mbuzi ishirini. Bahati alikuwa na kumi na watano.

Kola ilinichelewesha. Nilipofika langoni kwa wakwe peke yangu, akina mama waliovaa ndege wa njano toka kilemba hadi miguuni wakanishika mkono, wakaniuliza mbona nimechelewa, wakanipa kreti la soda (nilidhani ni ukarimu). Soda zikanifikisha chumba cha ndani, ambako wajomba wa binti, wote wamevaa shati langu, walikuwa wakinong'onezana kwamba wakibanwa kidogo tu, kumi na watano wanatosha.

Ndipo nikaelewa nimevaa nini. Nikiwa bado nafikiria la kusema, baba yake Bahati akaita kutoka chini ya turubai, "Msemaji wetu Ekai yuko wapi?" Nami nikatokea kwenye mlango wa wakwe, kreti la chupa tupu walilonipa nirudishe likiwa mkononi, nikasema niko hapa.

Mjomba mkubwa alinifuata nje, akanitazama shati.

"Kumbe mulitutumia mupelelezi."

Akaagiza sahani ziondolewe. Bahati akainamisha kichwa. Nikaanza kueleza mpango wangu wa mwaka, hadi kaptura, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo, mpaka mama wa binti akaja akaigeuza kola yangu.

"Mupelelezi gani anashona vibaya hivi?" akasema. Watu wakacheka, sahani zikarudi. "Amevaa chetu, amebeba soda yetu. Ni mutoto wetu. Akae uku kwetu, na anyamaze."

Nikakaa, nikanyamaza. Baba yake Bahati, mtu mpole asiye na msemaji, akakubali ishirini.

Suruali, kaptura na kofia ziko chini ya kitanda, zimekatwa, hazijashonwa. Nimerudi kwenye mitumba, na kabla ya kulipa namuuliza mwenye kibanda kama ameuza nyingine kama hiyo, ananiona mgonjwa.

Bahati bado anawapeleka wale watano, mmoja mmoja. Kila akienda kununua mmoja sokoni Lopur huniita nimchagulie, na tukiwa njiani na mbuzi huuliza lile lile.

"Ekai, siku ile kule ndani walisema nini?"

"Walizungumzia soda," namwambia.