Matela ya Shemeji kwenye Meza ya Bisibisi

Kwa miaka kumi na mmoja, kiti cha upande wa kushoto wa meza ya reli ya kuchezea kilikuwa cha Brashi. Hakikuandikwa jina, lakini mgeni akitaka kukikalia, mama yake Brashi humwahi: "Hapo hapana, ni pa binti na baba yake." Baba mwenyewe ni fundi redio. Wanamwita Bisibisi kwa sababu hajawahi kuonekana bila bisibisi mfukoni, hata msibani. Binti, huyo Brashi, anachora vibao vya maduka, na ndiye anayeandika namba kwenye mabehewa ya baba yake, tarakimu ndogo kama miguu ya sisimizi.

Meza ilianza na ubao mmoja. Sasa imekula chumba kizima, na kuifikia pembe ya mwisho lazima uiname upite chini yake. Treni za Bisibisi ni za bati, zimechomelewa kwa risasi, na injini inavutwa na mota iliyotolewa kwenye redio ya kaseti. Mabehewa yake manne ya mafuta ni mazito, maana amejaza nati ndani ili yatembee kwa heshima.

Basi nyumba ikatulia hivyo mpaka alipohamia shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu ameendesha malori ya matela maisha yake yote, na kwa unene wake wenzake walimpa jina Tani Thelathini. Mgongo ulimgomea, akaacha usukani, akaja kupumzika kwa dada yake. Wiki ya pili akaomba mkasi na dumu bovu la plastiki. Wiki ya tatu akaingia chumba cha reli na tela lenye urefu wa kiganja.

"Shemeji, hili si la barabara tu," alisema. "Tazama."

Akalivuta sakafuni nyuma ya kilori cha mbao, likateleza kwa magurudumu ya raba aliyoyakata kwenye kandambili. Kisha akayapandisha yale magurudumu juu, akaliweka kwenye reli, na chini ya mkia wake akaingiza kigari kidogo cha magurudumu ya chuma. Akatoa tela la pili mfukoni. Pua yake akaichomeka kwenye mkia wa lile la kwanza, likatulia hapo kama mtoto aliyeshika shuka la mama.

"Halibebwi na behewa," alisema Tani Thelathini. "Lenyewe ndilo behewa. Likifika mwisho wa reli linashusha matairi, lori linakuja kulichukua, linaondoka."

Brashi alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Mjomba! Hebu rudia!"

Neno hilo lilimwingia Bisibisi kama cheche ya waya. Miaka yote hiyo hajawahi kuambiwa arudie.

"Plastiki tupu," alisema. "Mtu akipiga chafya yataruka."

"Ndiyo maana nimeacha pilipili, shemeji," akajibu yule mnene, na Brashi akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake kile kiti kikatoka. Mjomba alifanyia kazi barazani kwa ajili ya mgongo, kwenye benchi gumu, na Brashi akakibeba kiti akamfuata huko na rangi zake. Sakafuni pakabaki alama nne za miguu ya kiti. Bisibisi akawa anazipita kila siku na kuzitazama. Alikuwa akichomelea huku sikio liko barazani. Wakicheka, anajiunguza kidole. Wakinyamaza, ndiyo mbaya zaidi, maana anajua Brashi anaandika namba, na anapoandika namba hutoa ncha ya ulimi nje, na sasa anayeiona ncha hiyo ni mwingine.

"Una gere, mume wangu," mkewe alimwambia akipanga vyombo.

"Mimi? Nione gere ya madumu?"

"Ya madumu sijasema."

Kila mwaka chuo cha ufundi cha jirani hufanya maonyesho, na kila mwaka meza ya Bisibisi hufunguliwa vipande vipande ikaunganishwa ukumbini. Mwaka huu mkuu wa chuo alituma ujumbe mfupi: njooni, na msisahau yale matela. Bisibisi akausoma mara tatu akitafuta jina lake. Halikuwemo.

Siku ilipofika, kabla watu hawajaingia, Brashi alikuwa nje kwenye kiti chake, akimalizia kibao cha mlangoni. Bisibisi akamsogelea shemeji yake.

"Treni yako fupi, shemeji. Matela matano tu, mtu akipepesa macho yamepita. Nikufungie mabehewa yangu ya mafuta huko nyuma?"

"Mwenye reli ni wewe. Ukisema nyuma, ni nyuma."

Bisibisi akaketi kwenye benchi lake akasokota ndoano ya waya wa shaba, akaifunga kwenye mkia wa tela la mwisho. Alijua anachokifanya. Brashi alipokuwa na miaka minane, yeye mwenyewe alimfundisha kwa viberiti vilivyofungwa uzi. Alivivuta kuzunguka kikombe, vitupu mbele na chenye mawe mwishoni, na vile vitupu vikavutwa ndani, vikaanguka. "Kwenye kona, kizito kikae mbele," alimwambia. "Chepesi kiburutwe mwisho." Mkono ulikuwa unasokota waya, na moyo unamwambia acha, na mkono ukamaliza.

Ukumbi ukajaa. Injini ikavuta, matela yakafuata, nati zikalia ndani ya mabehewa huko nyuma. Kwenye njia iliyonyooka mambo yalikuwa mazuri, mpaka mtoto mmoja akapiga makofi. Ikaja kona. Matela yakakazwa kama uzi, yakalalia ndani, na yote matano yakapinduka kwa pamoja. La mwisho likaanguka chini.

Watu wakapiga kelele, wengine wakacheka. Tani Thelathini akasimama akishika kiuno.

"Msicheke, jamani! Barabarani sijapindua hata moja, kumbe naisubiri meza!"

Wakamcheka naye akacheka, akaibeba lawama yote kama mzigo wa kawaida. Bisibisi alikuwa ameungoja mcheko huo wiki nzima, na sasa haukumshibisha.

Brashi aliokota lile tela la chini. Akaligeuza, akaiona ndoano. Waya umesokotwa mara mbili, ncha imerudishwa ndani isimchome mtu. Ni mkono mmoja tu duniani unaosokota hivyo. Akamtazama baba yake.

"Baba," alisema polepole. "Kizito kikae mbele."

Bisibisi alikuwa na jibu tayari, kwamba alisahau. Akaliacha.

"Nilijua," akasema. Kwa kuwa yule mnene bado alikuwa anawaomba watu radhi, akapaza sauti. "Shemeji, acha. Si wewe. Nimefunga mimi, na nilijua."

Tani Thelathini akamgeukia, bila utani. "Haya. Aliyejua na afunge upya. Mimi mgongo hauinami."

Bisibisi akainama. Akaikata ile ndoano, akayaleta mabehewa mbele, akainyoosha pua ya tela iliyopinda, jasho likimdondoka juu ya reli. Hakuna aliyemsaidia. Alipoinuka, Brashi alikuwa ameleta kiti chake, amekiweka karibu na kona, amekaa, mkono wazi upande wa ndani tayari kudaka, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minane.

Treni ikapita kona salama. Mabehewa ya mafuta yakapita watu wakiyatazama kwa adabu. Yakaja matela, mkiani, na hapo ndipo makofi yalipolipuka. Bisibisi akaisikia gere ikirudi tumboni, ikajikunja mahali pake kama paka wa nyumbani.

Akakipima kile kiti kwa macho. Kutoka kwake hatua tatu. Kutoka kwa shemeji, mbili na nusu.

Akasogeza benchi lake nusu hatua.